UZI: Tela jipya la kulala, safari ya kwanza tulienda kulitafutia ubovu

Magurudumu (mleta uzi)

Wakuu salamu. Mlioomba mrejesho wa tela, huu hapa. Ni mrefu, asiye na muda apite kimya kimya.

Tela ni la ekseli moja. Likiwa tupu lina kilo 1,300 na ushee, na kikomo chake likishapakiwa ni kilo 1,750. Kitanda kiko mbele, jiko katikati, choo na bafu nyuma. Tangi la maji safi ni la lita 120 na limefungwa nyuma ya ekseli. Hilo la tangi lishikeni, nitalirudia.

Msimamo wangu niuweke mapema tusije tukabishana hewani: safari ya kwanza ya tela jipya siyo mapumziko, ni ukaguzi. Tulichagua kambi ya karibu makusudi, ili jambo likiharibika turudi nyumbani kabla ya giza. Mwenzangu nilimwambia kabisa kwamba tunaenda kuwasha kila kinachowaka, kufungua kila kinachofunguka na kuandika kila kinachogoma. Daftari lilikaa mezani muda wote, na wikiendi ilivyoisha lilikuwa limejaa kuliko nilivyotegemea.

Kabla ya kutoka nilijaribu breki ya dharura, kitu ambacho wengi hawakigusi mpaka tela liuzwe tena. Kwenye shingo ya tela, yaani chuma cha mbele kinachoungwa na gari, kuna swichi ndogo yenye waya unaofungwa kwenye gari. Tela likichomoka njiani, waya unavuta pini na betri ya tela inabana breki zenyewe. Kuijaribu: chomoa plagi ya umeme inayounganisha gari na tela, vuta pini, kisha sogeza gari pole pole. Magurudumu ya tela yanatakiwa kugoma. Yangu yaligoma. Rudisha pini mapema, maana ikibaki nje inaimaliza betri.

Breki za kawaida nilizipangia kwenye barabara tupu, kavu, iliyonyooka. Unatembea kama kilomita 40 kwa saa, unabonyeza kidhibiti cha breki za tela kwa mkono bila kugusa breki ya gari. Unaongeza nguvu kidogo kidogo hadi usikie tairi zinakaribia kufunga, halafu unapunguza kidogo. Breki mpya zinahitaji kuzoea, kwa hiyo mwisho wa safari nilirudia zoezi, na kweli ilibidi nipunguze tena.

Sasa barabara. Nusu ya kwanza nilikwenda na tangi tupu. Tela lilitulia, kilomita 90 kwa saa mikono imelegea kwenye usukani. Katikati ya njia nilisimama nikajaza maji nusu tangi, kwa makusudi, nione tofauti. Tofauti niliiona haraka sana. Lori likapita upande wa pili, upepo ukapiga ubavu, na tela likaanza kupiga mkia. Siyo sana, lakini usukani ukawa unazungumza. Niliachia mafuta, nikashika usukani ukiwa umenyooka bila kupambana nao, nikabonyeza breki za tela peke yake kwa mkono. Likanyooka. Mguu wangu haukugusa breki ya gari, maana hapo ndipo watu wanapopinduka: gari linapungua mwendo, tela bado linasukuma.

Kambi, umeme na maji nitaandika chini. Karibuni na maswali.

---

Spana ya Zamani

Mkuu hapo kwenye maji nimekuelewa kabla hujamaliza. Lita moja ni kilo moja. Lita 60 nyuma ya ekseli ni kilo 60 zinazonyanyua shingo, kama pembea ya ubao. Uzito ukitoka kwenye kiungo cha gari na tela, mkia unapata uhuru.

Swali: shingo ilikuwa na kilo ngapi kabla na baada?

---

Magurudumu (mleta uzi)

Nililipima nikiwa kambini, na hesabu ilinipa jibu. Tangi likiwa tupu shingo ilibeba kilo 160. Nusu tangi ikashuka hadi 132. Tela lenyewe siku ile lilikuwa na kama kilo 1,500 pamoja na mizigo, yaani tulitoka kwenye asilimia 10 na kitu tukashuka chini ya 9. Kanuni inayotumika Marekani kwa matela ya aina hii ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Nilikuwa nimeingia eneo la hatari bila kuhamisha hata sanduku moja.

Kwa wasio na kipimo maalumu: mizani ya kawaida ya kupimia watu bafuni inatosha, ila usiweke shingo juu yake moja kwa moja, utaivunja. Chukua ubao mgumu. Upande mmoja ulaze juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani, chini ya kila upande weka bomba dogo ili ubao ukae kwenye nukta moja. Shingo ishuke juu ya ubao, umbali wa futi 1 kutoka tofali na futi 2 kutoka mizani. Mizani itabeba theluthi moja tu. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3, hiyo ndiyo shingo yako. Tela liwe limelala usawa na tairi zimewekewa kabari pande zote.

Kurudi tulirudi tangi likiwa tupu, na viti vya kukunja pamoja na boksi la zana vimehamia mbele ya ekseli. Lori zilipita, tela halikujibu.

---

Kijana wa Ramani

Mbona kuna mdau aliwahi kuniambia asilimia 5 hadi 7 inatosha? Nani mkweli?

---

Spana ya Zamani

Wote wawili. Karavani za Ulaya zinaundwa tofauti, nyepesi, uzito umekusanywa katikati, zinavutwa kwa mwendo mdogo, na gari nyingi za kule kiungo chake kimewekewa kikomo cha kilo 75 au 100. Ukichukua kanuni ya Marekani ukaifunga kwenye tela la Ulaya unajitafutia kesi. Soma kibao cha tela lako na kitabu cha gari lako, na kikomo kidogo ndicho kinachotawala. Hata ukiambiwa gari lina nguvu ya kuvuta tani 2, hiyo haikuambii kiungo kinabeba kilo ngapi.

---

Bwana Utulivu

Wakuu mnajitesa bure. Tela jipya limetoka kwa muuzaji, limekaguliwa, lina waranti. Mtu unaenda kambini kupumzika unabeba daftari? Mimi ningewasha moto nikakaa.

---

Magurudumu (mleta uzi)

Mkuu muuzaji hukagua tela likiwa limesimama. Barabara ndiyo inayolitikisa. Nikupe mifano mitatu kutoka kwenye daftari, uamue mwenyewe.

Wa kwanza ni pampu ya maji. Tulifunga bomba zote, tukakaa kimya, na kila baada ya muda pampu inashtuka, "trrr", inanyamaza. Pampu ya tela inafanya kazi kwa presha: presha ikishuka inajiwasha. Kama hakuna bomba lililo wazi na bado inajiwasha, maji yanatoka mahali. Nikapita na tochi na karatasi ya chooni kila kiungo, maana karatasi kavu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungo kilichokuwa kinavuja ni cha nyuma ya choo, nati ya plastiki imekazwa nusu. Kwa mkono tu, robo mzunguko, kikakauka. Kingekaa miezi sita pale sakafu ingekuwa biskuti.

Wa pili ulinishangaza. Bomba la jikoni lilikuwa linatoa maji kwa unyonge. Nikafungua chujio dogo la pampu, lile kikombe cha plastiki angavu, nikakuta limejaa vinyweleo vyeupe vya plastiki, vimejikunja. Ni mabaki ya kutoboa tangi kiwandani, hakuna aliyeyasafisha. Nikasuuza chujio, nikafungua na vichwa vya bomba vyote, kila kimoja kina vyake. Maji yakaja kwa nguvu.

Wa tatu ni bomba la maji machafu chini ya sinki, limeachia kwa mtikisiko. Ukaguzi wa uwanjani usingeliona hilo.

---

Bwana Utulivu

Haya, la vinyweleo sikulitegemea. Lakini moto ningewasha vilevile.

---

Mama Mahema

Mleta uzi, umeme je? Sisi tela letu la kwanza tulichomeka plagi ya kambi tangu tunafika, kila kitu kikawaka, tukafurahi. Safari iliyofuata tukaenda pasipo na umeme na saa tisa usiku hita ikazima, watoto wanatetemeka. Betri ilikuwa imekwisha.

---

Magurudumu (mleta uzi)

Mama Mahema umegusa penyewe. Ndiyo maana usiku wa kuingia sikuchomeka plagi ya kambi kabisa ingawa ilikuwepo hatua chache. Ukichomeka, chaja inaficha kila udhaifu wa betri.

Watu wanadhani hita ya hewa inakula gesi tu. Gesi inatoa joto, lakini feni inayosukuma hilo joto inakula umeme wa betri, ampea 5 hadi 9 hivi kulingana na ukubwa wake. Tufanye hesabu na feni ya ampea 7, hita inafanya kazi nusu ya muda kwa saa 10. Hizo ni saa-ampea 35 (ampea 7 mara saa 5). Ongeza taa, pampu, kadi ya kielektroniki ya friji, king'amua gesi kinachokaa kimewashwa muda wote, unafika 45 bila jasho. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 haitakiwi kuvuka nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Usiku mmoja umekwisha, na kesho yake usipochaji huna kitu.

Nilianza usiku na volti 12.7, nikaamka na 12.2. Kwa betri ya asidi iliyopumzika hiyo inakaribia nusu. Hesabu na kipimo vilikubaliana, nikajua tela langu ni la usiku mmoja bila umeme. Mwenye betri ya lithiamu anaweza kuteremka chini zaidi bila kuiumiza, ila asiamini volti kupima kiasi kilichobaki, kwa sababu volti yake hukaa karibu palepale halafu huanguka ghafla. Atafute kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

---

Mama Mahema

Ahsante baba, hapo ndipo tulipokwama. Na mvuke kwenye madirisha? Asubuhi letu linatiririka maji utadhani tumelala ndani ya sufuria. Mume wangu alidhani paa linavuja.

---

Magurudumu (mleta uzi)

Ni pumzi zenu hizo mama. Watu wanne wanapumua usiku kucha kwenye chumba kidogo, maji lazima yatue mahali pa baridi. Fungua kidirisha cha paa kidole kimoja na dirisha moja la mbali kidogo, hata kama kuna baridi. Kutofautisha na kuvuja: mvuke hulowesha vioo na vyuma vyote kwa usawa, uvujaji hulowesha pembe moja na una njia. Nyanyua godoro pia, chini yake ndiko unyevu unakojificha.

Sisi mvua ilitunyeshea jioni na niliifurahia, hakuna kipimo kizuri cha paa kushinda hicho. Nilizunguka na tochi nikashika kwa kidole pembe zote, ndani ya makabati ya juu, kuzunguka kidirisha cha paa. Pembe moja ya kabati la kitandani ilikuwa na unyevu. Limeingia daftarini kwa herufi kubwa, pamoja na picha.

---

Fundi Gesi

Wakuu msiipite gesi haraka. Kila kiungo kipya, kuanzia mtungi hadi jiko, kipakwe maji ya sabuni. Povu likipanda, funga. Kiberiti kisiwe kipimo, nimeona watu wazima wakifanya hivyo. King'amua gesi huwa chini karibu na sakafu kwa sababu propeni ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja inatanda chini. Ukiona mtu ameweka begi mbele yake, mwondolee.

Na anayekwenda sehemu za baridi kali aulize mtungi una gesi gani. Buteni inagoma kugeuka mvuke joto likifika karibu na sifuri. Propeni inafanya kazi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Mleta uzi, hita ya maji ulianzaje?

---

Magurudumu (mleta uzi)

Kwa maji kwanza, fundi. Nilifungua bomba la maji ya moto jikoni nikaliacha litapike hewa mpaka maji yakatoka mfululizo, ndipo nikabonyeza swichi. Kipasha cha umeme kikiwashwa ndani ya tangi kavu kinaungua muda mfupi sana na hakuna waranti itakayokusikiliza. Nikakagua na vali za nyuma, kwa sababu matela mapya mara nyingine hutoka hita ikiwa imerukwa: maji yanapita pembeni, tangi lake linabaki kavu, na bomba bado linatoa maji kama kawaida.

---

Kijana wa Ramani

Mimi naogopa kurudi nyuma kuliko hivyo vyote. Nikikata kulia linakwenda kushoto, watu wa kambi wanakusanyika kutazama.

---

Spana ya Zamani

Shika usukani kwa chini kabisa, katikati. Mkono ukienda kushoto, nyuma ya tela inakwenda kushoto. Mkono ukienda kulia, kulia. Usiwaze zaidi ya hapo. Na msaidizi wako akae mahali unapomwona kwenye kioo. Usipomwona, simama.

---

Magurudumu (mleta uzi)

Naongeza: sisi tulikubaliana ishara mbili tu, "njoo" na "simama", na simama ni mikono miwili juu. Kelele za "kidogo, kidogo, hapana, ndiyo" zimevunja taa nyingi.

Ukishaingia, sawazisha kulia na kushoto kwanza, tela likiwa bado limeungwa, kwa kupandisha tairi ya upande ulio chini kwenye vibao. Kabari. Halafu ndiyo uachanishe na gari, usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya shingo. Miguu ya kona ishushwe mwisho, na kazi yake ni kuzuia kutikisika, haijatengenezwa kunyanyua tela. Friji letu ni la aina ya gesi, halina kompresa, na likilala upande halipoi vizuri na linaweza kuharibika. Liliwashwa jana yake nyumbani, maana linachukua saa nyingi kupoa.

Turubai la kivuli lilifanya kazi. Upepo ukianza likunje, sina zaidi.

---

Kijana wa Ramani

Na choo? Hakuna anayetaka kuandika habari ya choo.

---

Mama Mahema

Naandika mimi. Mimina maji ndani ya tangi la choo kabla ya matumizi ya kwanza. Vali yake ikae imefungwa, hata kama mmeungwa kwenye shimo la kambi. Ukiiacha wazi maji yanakimbia na kile kingine kinabaki, kinakauka, kinakuwa mlima. Wakati wa kumwaga, anza na tangi la choo, kisha la maji ya kuogea, ili hayo ya sabuni yasuuze mpira. Glavu. Mpira wa maji safi usikae boksi moja na huo mwingine.

---

Bwana Utulivu

Nimesoma hadi hapa na nimekwenda kuangalia la kwangu uani. Nati za ringi mbili zinazunguka kwa mkono. Nimekaa.

---

Spana ya Zamani

Pole mkuu, na hongera kwa kuangalia. Ringi mpya hujikalia upya zikianza kubeba mzigo. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa kiwango cha kitabu, halafu rudia baada ya kilomita 15, 40 na 80 hivi. Kila ukisimama karibisha kiganja kwenye kitovu cha gurudumu. Kupata moto ni kawaida, lakini upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake kwa mbali, ama breki imeng'ang'ania au beringi inakufa.

---

Bwana Utulivu

Na tairi? Muuzaji alisema ni mpya.

---

Magurudumu (mleta uzi)

Tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2321, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zikiwa hazionekani upande wa nje, ingia uvunguni, mara nyingi ziko upande wa ndani. Tairi za tela huzeeka zikiwa zimesimama, na meno yakionekana mapya hayakuambii kitu. Upepo upime asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Orodha yangu nimeshaipeleka kwa muuzaji na picha zake. Ya chini ya sinki wamerekebisha pale pale, pembe ya paa wameomba tela libaki kwao wiki nzima. Likirudi nalimwagia maji ya mpira uani, paa zima, kabla sijasaini popote. Nitaweka picha hapa hapa.